Kusoma shahada ya masomo linganishi ya makabila na makundi ya jamii Marekani: mwanafunzi anasoma nini, na mzazi aulize nini kabla ya kulipa ada

Chapisho la 1. Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila msimu wa maombi ya vyuo vya nje unapofika, huibuka hapa swali kuhusu shahada ambayo vyuo vya Marekani huiandika kwa majina mengi, nami katika uzi huu nitaiita masomo linganishi ya makabila na makundi ya jamii (kwa Kiingereza mara nyingi Ethnic Studies). Majibu ninayoyasoma huwa ya pande mbili. Wapo wanaosema ni shahada ya wanaharakati waliokimbia hesabu, na wapo wanaoisifu kwa maneno mazito bila kueleza mwanafunzi anaketi darasani kusoma kitu gani. Mimi niliisoma katika chuo kimoja cha umma huko California, na leo ninafanya kazi ya ukalimani na ushauri kwa familia za wakimbizi, kwa hiyo nitaeleza ninachokifahamu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: thamani yote ya shahada hii imo katika kulinganisha, na programu isiyomlazimisha mwanafunzi kulinganisha haistahili ada inayotozwa.

Tuanze na chimbuko, kwa sababu linaeleza kwa nini idara hizi zimepangwa zilivyo. Tarehe 6 Novemba 1968 wanafunzi wa San Francisco State College waligoma. Walioongoza walikuwa Umoja wa Wanafunzi Weusi pamoja na muungano wa wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, Asia na wenyeji wa asili wa Marekani, uliojiita Harakati ya Ukombozi ya Ulimwengu wa Tatu. Kilichowasha moto kilikuwa kusimamishwa kazi kwa George Murray, mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa pia kiongozi wa mambo ya elimu katika chama cha wanaharakati Weusi cha Black Panther. Madai yenyewe, 15 kwa jumla, yalikuwa yameiva kabla ya hapo: wanafunzi walitaka skuli kamili ya masomo haya, walimu wa kuyafundisha, na udahili wa vijana wasio Wazungu kwa idadi kubwa zaidi. Tarehe 2 Desemba kaimu mkuu wa chuo, S. I. Hayakawa, alipanda juu ya gari la matangazo la wagomaji na kung'oa nyaya za vipaza sauti huku kamera zikimmulika, na umaarufu alioupata siku ile ulimsaidia baadaye kuingia Seneti ya Marekani. Mgomo ulimalizika Machi 1969, na msimu wa vuli wa mwaka huohuo skuli hiyo ikafunguliwa. Ng'ambo ya ghuba, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, wanafunzi waligoma kuanzia Januari 1969, gavana Ronald Reagan akatangaza hali ya hatari mwezi Februari, na huko nako idara ikapatikana.

Hayakawa, kwa wasiomjua, alikuwa mtu wa asili ya Kijapani aliyezaliwa Kanada, na miongoni mwa waliokuwa wakipiga kelele chini ya lile gari walikuwemo wanafunzi wa asili ya Kijapani. Ukitaka kumjaribu mtu anayedai kwamba asili ya mtu inatosha kueleza msimamo wake wa kisiasa, muulize kuhusu asubuhi hiyo.

Sasa tuingie darasani. Shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huchukua miaka minne na krediti 120, na sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo huliwa na masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi hupitia: uandishi, sayansi, hesabu kidogo, lugha. Ndani ya fani yenyewe mwanafunzi huanza na kozi ya utangulizi, akaendelea na nadharia na mbinu za utafiti, akachukua kozi za makundi mahususi, kisha akahitimisha kwa tasnifu au semina ya mwaka wa mwisho. Usomaji ni mwingi kuliko wengi wanavyotarajia. Mtu aliyezoea kukariri nondo za mwalimu kwa ajili ya mtihani atataabika, kwa kuwa mara nyingi mtihani haupo na alama zote zimo katika insha.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu, kwani ndipo mtu anapoiona fani hii ikifanya kazi. Sheria ya uraia ya Marekani ya mwaka 1790 iliruhusu uandikishwaji wa raia wapya kwa "watu weupe walio huru" peke yao, na mwaka 1870, baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, ikaongezwa ruhusa kwa watu wa asili ya Afrika. Waasia waliachwa katikati. Mwaka 1922 Takao Ozawa, mzaliwa wa Japani aliyesoma Marekani na kulea watoto wake kwa Kiingereza, alifika Mahakama ya Juu ya Marekani akidai kwamba ngozi yake ni nyeupe kuliko ya Wazungu wengi. Mahakama ilimkatalia kwa hoja kwamba weupe unaotajwa na sheria si rangi ya ngozi, bali ni kuwa wa mbari ambayo wataalamu wa zama zile waliiita ya Kaukazi. Miezi mitatu baadaye, Februari 1923, akaja Bhagat Singh Thind, Kalasinga wa Punjab aliyekuwa ametumikia jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza. Yeye alikuwa na vitabu vya wataalamu haohao vilivyowaweka watu wa kaskazini ya India katika mbari ya Kaukazi. Jaji George Sutherland, aliyeandika hukumu ya Ozawa, ndiye aliyeandika na hii, na safari hii alisema kwamba wataalamu si hoja, la maana ni jinsi mtu wa kawaida wa mitaani anavyoelewa nani ni mweupe.

Mwanafunzi anayesoma historia ya Wajapani wa Marekani peke yake atakutana na kesi ya kwanza na kudhani mahakama ilifuata sayansi. Anayesoma historia ya Wahindi peke yake atakutana na ya pili na kudhani ilifuata fikra za mtaani. Anayezisoma zote mbili kwenye meza moja ndiye anayeona kwamba kipimo kilibadilishwa ndani ya miezi mitatu ili jibu lisibadilike. Ugunduzi wa namna hiyo ndio unaolipiwa ada, na haupatikani bila kulinganisha.

Mfano mwingine, kwa ufupi, ni mgomo wa wavuna zabibu wa Delano, California. Septemba 1965 vibarua Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma baada ya wakulima wakubwa wa Delano kukataa kulipa dola 1.40 kwa saa, malipo ambayo Wafilipino walikwisha kuyapata bonde la Coachella msimu uleule. Desturi ya wakulima hao ilikuwa inajulikana: Wafilipino wakigoma, huletwa Wameksiko, na Wameksiko wakigoma, huletwa Wafilipino. Tarehe 16 Septemba chama cha Wameksiko cha Cesar Chavez na Dolores Huerta kiliamua kujiunga na mgomo, na mbinu hiyo ikakosa nguvu. Ilichukua hadi 1970 wakulima kusaini mikataba. Katika kumbukumbu za watu wengi jina lililobaki ni la Chavez. Mwanafunzi wa fani hii hulazimika kueleza kwa nini, na kueleza pia kwa nini Wafilipino wengi wa kizazi kile walizeeka bila familia, jambo linalorudi kwenye sheria za uhamiaji na sheria zilizokataza ndoa kati ya watu wa rangi tofauti.

Kwa hiyo, anayeomba chuo afungue orodha ya kozi na atazame jambo moja: je, kuna kozi ya lazima inayoweka makundi mawili au zaidi chini ya swali moja, au kuna kozi ya Weusi, kozi ya Waasia, kozi ya Walatino na kozi ya wenyeji wa asili, kila moja na mlango wake, na mwanafunzi anaachwa aunganishe mwenyewe? San Francisco State ina chuo kamili chenye idara kwa kila kundi pamoja na idara inayovuka mipaka ya makundi. Berkeley inatoa shahada ya jumla sambamba na shahada za makundi mahususi. Stanford ilianzisha mwaka 1996 programu ambayo jina lake lenyewe linataja ulinganishi. Mpangilio wowote kati ya hiyo unaweza kufaa, ila muombaji ajue anachokinunua.

Chapisho la 2. Mzazi wa Morogoro

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo. Binti yangu amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HGL na amepata nafasi katika chuo kimoja cha Marekani kwa shahada ya namna hii, pamoja na ufadhili wa sehemu ya ada. Mimi ni mtumishi mstaafu, na sehemu inayobaki itatoka katika kiinua mgongo. Naomba unijibu bila kunionea haya: akimaliza atafanya kazi gani, na akirudi nyumbani shahada hiyo itatambulika?

Chapisho la 3. Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi, nami nitakujibu kama ambavyo ningemjibu baba yangu.

Shahada hii haitoi leseni ya taaluma yoyote. Daktari, mhasibu na mhandisi hutoka chuoni na cheti kinachotaja kazi yao. Binti yako atatoka na uwezo wa kusoma nyaraka ngumu, kuhoji watu, kuandika hoja na kuelewa jinsi sera inavyogusa makundi mbalimbali kwa namna tofauti. Wenzake wengi huko huendelea na sheria, ualimu, ustawi wa jamii, afya ya umma au utawala wa serikali za mitaa, na kwa kazi hizo mara nyingi huhitajika mafunzo ya ziada juu ya shahada. Ualimu wa sekondari California, kwa mfano, unadai kibali cha ualimu kinachosomewa pembeni.

Yapo mambo ya viza ambayo washauri wa vyuo huyapitia harakaharaka. Serikali ya Marekani huipa kila programu ya chuo namba ya uainishaji, na fani hii imo katika kundi la 05, pamoja na masomo ya maeneo, tamaduni na jinsia. Namba hiyo huandikwa kwenye fomu ya mwanafunzi wa kigeni. Kwa utaratibu wa viza ya wanafunzi, F-1, mhitimu anaweza kuomba kufanya kazi inayohusiana na fani yake kwa miezi 12, lakini nyongeza ya miezi 24 hutolewa kwa fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, na kundi la 05 halimo. Hesabu ya kurudisha gharama kwa kufanya kazi huko miaka mitatu, ambayo baadhi ya mawakala huwapigia wazazi, haisimami kwa shahada hii. Masharti ya viza nayo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha ubalozini kabla hujagusa kiinua mgongo.

Kuhusu kutambulika, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo yenye mamlaka ya kutambua tuzo za vyuo vya nje, na kwa chuo chenye ithibati huko sioni kikwazo hapo. Kikwazo kipo hatua inayofuata. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja fani kwa majina: Sosholojia, Maendeleo ya Jamii, Ustawi wa Jamii, na kadhalika. Afisa anayechambua maombi akikuta jina asilolifahamu, binti ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba fani yake inalingana na iliyotajwa. Vyuo vingi vya Marekani vinamruhusu mwanafunzi kuchukua fani mbili kwa wakati mmoja. Ningemshauri aunganishe hii na sosholojia, takwimu au afya ya umma, na aanze mapema, kwa kuwa kozi za mbinu za utafiti zikipangwa vizuri huhesabika pande zote mbili.

Kama ufadhili ni wa mwaka wa kwanza tu na barua haisemi lolote kuhusu miaka mitatu inayofuata, Mzee wangu, usiupeleke mkono mfukoni hadi upate maandishi.

Chapisho la 4. Msomaji wa zamani

Nimesoma kwa makini, lakini naona mleta uzi ameficha upande mmoja. Masomo haya huko Marekani ni uwanja wa vita vya kisiasa. Yapo majimbo yaliyoyapiga marufuku mashuleni. Kwa nini kijana wa Kitanzania au Mkenya aende kuingia katika ugomvi wa watu, tena kwa gharama?

Chapisho la 5. Mleta uzi

Mkuu, ugomvi upo na sikusudii kuuficha. Arizona ilipitisha sheria mwaka 2010 iliyolenga masomo ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika shule za Tucson, na programu ikafungwa mwaka 2012. Agosti 2017 jaji wa shirikisho, A. Wallace Tashima, aliamua kwamba utekelezaji wa sheria hiyo ulisukumwa na chuki ya mbari na ulivunja haki za kikatiba za wanafunzi. California ilikwenda upande wa pili: sheria iliyosainiwa Agosti 2020 inawataka wanafunzi wa mfumo wa vyuo vya California State University kupita kozi moja ya masomo haya kabla ya kuhitimu. Maana yake kwa muombaji ni kwamba jimbo analokwenda lina uzito kama chuo chenyewe, kwa sababu bajeti ya idara ya chuo cha umma hutegemea bunge la jimbo.

Kuhusu kama masomo haya yana faida inayopimika, upo utafiti wa Thomas Dee na Emily Penner uliochapishwa mwaka 2017 juu ya shule za sekondari za San Francisco. Waliangalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopangiwa somo hili kwa sababu alama zao zilikuwa chini ya wastani wa 2.0, na wakaona mahudhurio yakipanda kwa pointi 21 za asilimia na wastani wa alama kwa pointi 1.4, katika mizani ambayo kilele chake ni 4. Ni matokeo makubwa mno kwa somo moja, na wapo wataalamu walioyatilia shaka. Mimi huyatumia kwa tahadhari. Hata hivyo hayo yanahusu sekondari. Hayamwambii mzazi lolote kuhusu mshahara wa mhitimu wa chuo.

Ninachokubaliana nawe ni hiki: yapo madarasa ambamo mwanafunzi hulipwa alama kwa kusema linalotarajiwa. Nililiona, na ni kasoro kubwa. Lakini dawa yake imo ndani ya fani yenyewe, kwani hoja inayodai kuwa kundi fulani limeonewa kwa namna ya pekee huanguka au husimama pale inapowekwa kando ya kundi lingine lililopitia jambo lilelile.

Chapisho la 6. Mwanachuo mtarajiwa, Mombasa

Shikamoo mkuu. Mimi nina barua ya udahili tayari na ninakwenda. Swali langu ni moja: katika masomo hayo ninaweza kuandika tasnifu inayohusu watu wa kwetu, au nitalazimika kuandika juu ya Wamarekani tu?

Chapisho la 7. Mleta uzi

Marahaba, na hongera kwa udahili.

Unaweza, mradi swali lako liwe linganishi. Nikupe mawili ya kufikiria.

La kwanza ni sensa. Marekani imeuliza rangi ya watu katika kila sensa tangu ya kwanza ya mwaka 1790, ila ni mwaka 2000 tu ambapo mtu aliruhusiwa kuchagua zaidi ya rangi moja, na Machi 2024 serikali iliamua kuongeza kundi la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Tanzania haijauliza kabila katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Kenya inauliza na kutangaza hesabu, na huko kutambuliwa kuna uzito wa kila siku: Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43, na mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatajwa kuwa la 44. Rwanda ilikuwa na kabila kwenye kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji na ikaliondoa baada ya mwaka 1994. Nchi nne, majibu manne kwa swali moja la kiserikali. Hapo pana tasnifu, na wewe wa Mombasa una njia fupi ya kwenda Kwale kuwahoji wazee wenyewe.

La pili linanigusa kikazi. Wapo watu waliopokewa Marekani kuanzia mwaka 2003, wapatao 12,000, kwa jina la Wabantu wa Somalia. Sehemu yao ni Wazigua, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka nyuma ya pwani ya Tanga katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la mto Juba, na baadhi yao bado wanazungumza Kizigua. Wengine wana asili ya Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Huko Juba hawakujihesabu kuwa kabila moja. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwasukuma hadi Dadaab, mashirika ya misaada na waandishi wa habari wakawaweka chini ya jina moja, Marekani ikawakubali kama kundi moja, wakahamishiwa Kakuma kusubiri usaili, na walipofika miji kama Lewiston, Maine, karani wa shule akawaandika Weusi, sawa na mjukuu wa mtumwa wa Alabama na sawa na Msomali aliyewabagua nyumbani. Wakati huohuo, ndugu zao waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Mkuyu na Chogo, wilaya ya Handeni, wakakuta wenyeji wanaoelewa lugha yao, na wengi wakapewa uraia.

Familia ya ukoo mmoja, lugha moja na safari moja ya utumwa, nusu yake imekuwa Wamarekani Weusi na nusu yake imekuwa Watanzania wa Handeni. Kabla hujaondoka, jifunze mbinu za kurekodi mahojiano na uulize idara yako utaratibu wa kibali cha utafiti unaohusu binadamu, kwa maana huchukua muda mrefu na wanafunzi wengi hukumbuka wakiwa mwaka wa mwisho. Kwa upande wa Tanzania utahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa Kenya cha NACOSTI, tume ya huko ya namna hiyo. Ukifika huko na mwalimu akasema hayo ni masomo ya Afrika, wala si ya idara yake, mwoneshe Lewiston kwenye ramani.